Ndege ya mota mbili isiyo na rimoti: kuijenga na kuinyoosha mpaka iruke yenyewe

Malalamiko yanayonifikia kuhusu ndege ya mota mbili ni yale yale. Mtu ameirusha, imekata kushoto na kujichoma chini. Akapinda usukani (ukingo wa nyuma wa mkia wa wima) kulia. Ndege ikapanda vizuri, mota zikaishiwa nguvu, kisha ikakata kulia na kujichoma upande wa pili. Akarudisha usukani nusu. Kufikia jioni bawa limeshavunjika.

Usukani hauna kosa hapo. Mota mbili hazivuti sawa, na usukani uliopindwa kuzifidia unabaki umepindwa hata zikishazima. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio ambao wengi wanauruka: kwanza ndege ishuke vizuri bila mota, kisha mota zisawazishwe, na kosa la mota lirekebishwe kwenye mota, si penginepo.

Ndege yenyewe ina upana wa sentimita 45 na uzito wa gramu 25 hivi. Haibebi betri. Inabeba supakapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, inayochajiwa kabla ya kurusha na kuzungusha mota kwa takriban sekunde 15, basi. Wengi wanataka kuweka betri ya lithiamu ili iruke muda mrefu. Ndege isiyo na rimoti yenye umeme wa dakika tano, ukiirusha Ngaramtoni, nje ya Arusha, utaenda kuiulizia wilaya ya jirani, Monduli.

## Vifaa

- Fomubodi ya milimita 5 kutoka duka la stesheni. Karatasi za pande zote mbili zitabanduliwa.
- Vijiti vya mishikaki vya sentimita 30, vilivyonyooka. Chukua pakiti nzima uchague.
- Mota mbili za kipenyo cha milimita 7 na propela zake za milimita 55, kutoka droni ya kuchezea iliyoharibika.
- Supakapasita moja ya faradi 10, volti 2.7.
- Betri mbili za AA za kuchajiwa (NiMH), kikasha chake, na plagi ndogo za pini mbili.
- Waya mwembamba laini, na kipande cha waya wa shaba wenye vanishi, mwembamba kama unywele, kutoka koili ya redio mbovu.
- Gundi nyeupe ya mbao, selotepu, uzi, njiti za kiberiti, plastisini kidogo.
- Multimita, na mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.1.
- Kiazi mviringo kimoja. Matumizi yake yanakuja.

Droni mbovu hutafutwa kwa mafundi simu, na kwenye masoko ya vitu vya mitumba kama Krokoni kwa Arusha au Memorial kwa Moshi. Omba droni nzima, usiombe mota tu. Ndani yake kuna mota nne: kwa kawaida mbili zina waya nyekundu na bluu, mbili nyeupe na nyeusi, na jozi hizo huzunguka pande tofauti. Unahitaji moja kutoka kila jozi pamoja na propela yake. Zikizunguka pande tofauti, msokoto wa moja unafuta wa mwenzake. Zile mbili zinazobaki ni akiba, na utazihitaji.

Onyo: supa gluu inayeyusha foamu. Usiiguse kabisa kwenye ndege hii.

## Hatua ya 1: Bandua na ukate

Lowesha fomubodi kwa maji, subiri dakika chache, bandua karatasi polepole. Iache ikauke kabisa ikiwa imelala chini ya vitabu, la sivyo itajikunja.

Kata bawa la sentimita 45 kwa 9. Mkia wa mlalo 18 kwa 6. Mkia wa wima 8 kwa 7, nane ikiwa urefu wa kwenda juu. Huo wa wima utauona mkubwa kupita kiasi. Uache hivyo. Ndege ya mota moja ingetosheka na mdogo zaidi, lakini hapa ndio unaoishikilia pua wakati mota moja inapovuta kuliko nyingine.

Pima kila kipande. Bawa likizidi gramu 7, foamu hiyo ni nzito mno, tafuta nyingine. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 13. Moshi iko chini zaidi lakini nako hewa imepungua kwa asilimia 8 hivi. Maana yake propela inavuta pungufu kuliko ilivyoandikwa, na ndege inalazimika kwenda kasi zaidi ili ielee. Ramani nyingi za kujengea ndege zilizo mtandaoni hazikukuwazia wewe uliye chini ya Meru, kwa hiyo gramu unazozipuuza zitakudai.

## Hatua ya 2: Bawa

Bawa bapa linaruka vibaya. Weka foamu juu ya chupa ya soda iliyolazwa na uiviringishe taratibu kwa kiganja mpaka ipinde. Mgongo wa bawa unyanyuke kama nusu sentimita, na sehemu ya juu kabisa iwe theluthi ya kwanza kutoka mbele.

Kata bawa katikati. Laza nusu moja mezani, nyanyua ncha ya nusu ya pili sentimita 7, kisha unganisha kwa gundi ya mbao na selotepu juu na chini. Ukiliweka bawa sawa, kila ncha itakuwa juu kwa sentimita 3.5. Mkunjo huu wa V ndio rubani wako: ndege ikilala upande, bawa lililoshuka linapata nguvu zaidi na kuirudisha.

Gundi ikikauka, liangalie bawa kutoka nyuma, jicho moja limefumbwa. Kingo za nyuma za kushoto na kulia zionekane kwenye pembe ile ile. Upande mmoja ukiwa umejisokota, unyooshe sasa kwa joto la pumzi na vidole. Bawa lililosokotwa na mota zisizolingana hutoa dalili zinazofanana, na ukiviacha vyote viwili hutajua unatibu kipi.

## Hatua ya 3: Kiwiliwili na mkia

Unganisha vijiti viwili vya mishikaki vikipishana ili upate urefu wa sentimita 40: cha kwanza kianzie puani, cha pili kianzie sentimita 10 nyuma yake. Funga uzi sehemu ya kupishana, paka gundi.

Mkia wa mlalo ukae mwisho kabisa, sambamba na kijiti. Wa wima usimame juu yake katikati. Ukingo wa mbele wa bawa uwe sentimita 12 kutoka puani, umeinuliwa kwa kipande cha foamu cha milimita 4 ili bawa litazame juu kidogo kuliko mkia. Lishike kwa mpira wa ofisi, usiligundishe bado.

## Hatua ya 4: Mota

Hapa ndipo ndege nyingi zinapofia kabla hazijaruka, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kila mota ikae sentimita 5 tu kutoka katikati. Najua ndege kubwa zinazotua KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) zina injini mbali na kiwiliwili, na mtu hupenda ndege yake ifanane nazo. Ukiiga hivyo, tofauti ndogo ya mvuto inapata mkono mrefu wa kuigeuza ndege. Kwa propela ya milimita 55, sentimita 5 zinatosha kabisa kupita bila kugusa kijiti.

Viringisha ukanda wa karatasi kwenye mota upate mrija unaobana. Gundisha mrija huo kwenye kipande cha mshikaki cha sentimita 7, na kipande hicho chini ya bawa, ili mota itokeze mbele kwa sentimita 3. Mrija uelekee chini kidogo, kama nyuzi 3, na nje kidogo, kama nyuzi 2. Kuelekeza chini kunazuia ndege isinyanyue pua mota zikiwa na nguvu. Kuelekeza nje kunapunguza ubaya wa mota moja kuzidi.

Funga mrija kwa uzi juu ya gundi, lakini acha nafasi ya kuchomeka kibanzi cha njiti ya kiberiti. Hicho ndicho kitakuwa kirekebishio chako uwanjani.

Waya za kushoto na kulia ziwe na urefu ule ule hata kama upande mmoja uko karibu zaidi. Waya mrefu unakula umeme, na mota yake itakuwa dhaifu.

Kabla ya kuunganisha lolote, gusisha kila mota kwenye betri na ushike kipande cha tishu nyuma ya propela. Hewa itoke nyuma. Ikitoka mbele, badilishana waya. Kisha hakikisha mota mbili zinazunguka pande tofauti. Zikizunguka upande mmoja, propela mojawapo si ya jozi yake.

## Hatua ya 5: Kiazi na mizani

Kata kiazi kiwe na tako bapa, kiweke juu ya mizani, chomeka pua ya ndege ndani yake ili ndege isimame kichwa chini. Rudisha mizani kwenye sifuri. Sasa unganisha mota moja kwenye betri mbili za AA, soma. Propela inasukuma upepo juu, ndege inakandamiza mizani, na namba unayoiona ndiyo mvuto wa mota hiyo. Rudia upande wa pili kwa betri zile zile.

Usipime kwa supakapasita: umeme wake unashuka kila sekunde, na mota ya pili itaonekana dhaifu hata kama ni nzima.

Tofauti ya nusu gramu au chini, endelea. Ikizidi hapo, fuata mpangilio huu:

1. Angalia unywele au uzi kwenye mhimili. Droni ya mtoto iliyolala chini ya kitanda huwa nao.
2. Lehemu upya viungo. Fundi simu yeyote atakufanyia.
3. Badilisha propela kwa ya akiba ya aina ile ile.
4. Badilisha mota.
5. Tofauti ikibaki, ongeza sentimita 10 za ule waya wa shaba mwembamba kwenye njia ya mota *yenye nguvu*, pima tena, ongeza au punguza.

Mbinu ya tano ndiyo jibu kwa wale wa usukani. Waya mwembamba unapunguza nguvu ya mota kulingana na umeme unaopita. Umeme mwingi, inazuia sana. Umeme ukipungua, nayo inalegea. Mota zikizima, haipo. Usukani hauwezi kufanya hivyo.

Ukiridhika, unganisha mota zote mbili sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, ziishie kwenye plagi moja. Supakapasita nayo iwe na plagi yake: inaingia kwenye chaja, yaani kile kikasha cha betri mbili za AA, unaichomoa, unaichomeka kwenye mota. Swichi huna haja nayo.

Onyo: supakapasita ina upande wa chanya na hasi, usigeuze. Na isivuke volti 2.7. Betri mbili mpya za kawaida zikiwa pamoja zinapita volti 3, ndiyo maana nimesema za kuchajiwa. Hata hizo, weka multimita na ukate kwenye 2.5.

## Hatua ya 6: Mizania

Shikilia ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, sentimita 3 nyuma ya ukingo wa mbele. Ikae mlalo. Supakapasita ndiyo jiwe lako la mizani: isogeze karibu na pua mpaka ikae sawa, kisha ifunge kwa selotepu. Ikikosa uzito, ongeza plastisini puani. Weka alama ya kalamu kwenye kile kituo cha sentimita 3, na kuanzia hapo uzito usiuguse tena.

## Hatua ya 7: Kushuka bila mota

Toka saa 12 na nusu asubuhi, kabla jua halijapasha ardhi. Kufikia saa 3 upepo unaanza kuchezacheza na utakachokiona hakitakuwa tabia ya ndege. Tafuta nyasi ndefu. Kaa mbali na uwanja wa ndege wa Kisongo, na ule wa Moshi vilevile. Andika namba ya simu kwenye bawa, kwa sababu shamba la mahindi likiimeza, atakayeiona ni mwenye shamba.

Simama ukielekea upepo kama upo. Shika ndege chini ya bawa, isukume mbele kwa usawa wa bega, pua imeinama kidogo sana. Si kurusha jiwe. Ni kuiachia ikiwa tayari inakwenda.

Kutoka begani inatakiwa ifike mita 6 hadi 8 na iguse nyasi kwa tumbo.

Ikinyanyua pua, ikasita, ikaangusha pua, ikarudia: kunja ukingo wa nyuma wa mkia wa mlalo kwenda *chini*, milimita moja. Ikichimba moja kwa moja: kunja kwenda *juu*, milimita moja. Rudia kila kipimo mara kadhaa kabla ya kubadilisha, maana mkono wako nao haurushi sawa kila mara.

Ikishanyooka, ipe mduara wa kushoto mpana sana kwa kukunja ukingo wa nyuma wa mkia wa wima milimita moja kushoto. Ndege inayokwenda moja kwa moja itakutembeza mpaka barabarani. Huu ndio mkunjo wa usukani unaoruhusiwa, na umeamuliwa bila mota.

Usipite hatua hii mpaka ndege ishuke kwa namna ile ile kila unapoiachia. Kila dakika ya uvivu hapa inalipwa kwenye hatua inayofuata.

## Hatua ya 8: Kuruka na mota

Chaji hadi volti 1.5 tu. Chomeka plagi, iachie mlalo. Usiirushe kwenda juu. Kwa umeme huu haitapanda, itarefusha tu mshuko wake. Ikienda vizuri, 1.8, halafu 2.1, mwisho 2.5. Kila ngazi ikileta tabia mpya, irekebishe kabla ya kupanda nyingine.

Kinachokuambia ugonjwa ni *lini* ndege inakosea, kuliko inakosea vipi.

Inakata mwanzoni, mota zikiwa na nguvu, kisha inanyooka zinapopungua. Ni mota. Ikikata kushoto kuliko mduara wake wa kawaida, ya kulia inazidi. Chomeka kibanzi cha kiberiti ili mota ya kulia ielekee nje zaidi kidogo. Kikihitajika zaidi ya kibanzi kimoja, rudi nyumbani kwenye kiazi.

Inakata tangu mwanzo mpaka inagusa chini. Si mota. Bawa limesokotwa, pengine lilikaa juani kwenye kioo cha gari. Liangalie tena kutoka nyuma, na urudie hatua ya 7.

Inakata ghafla katikati. Mota moja imezima. Waya umelegea, au mchanga umeingia. Mchanga wetu wa volkano una chembe nyeusi zinazonaswa na sumaku, na mota hizi zina sumaku ndani na vitundu nyuma. Ndege ikitua kwenye vumbi, ipulize kabla ya kuchaji tena. Bandika kipande kidogo cha selotepu nyuma ya kila mota kupunguza balaa hilo, lakini usizibe pale waya zinapotoka.

Inanyanyua pua mpaka inasimama, inaangukia mkia. Mota zote mbili zielekezwe chini zaidi, kibanzi kimoja kila upande, unene sawa. Usiguse mkia wa mlalo. Najua mkono utakuwasha, kwa sababu mkia uko karibu na unapindika kirahisi, lakini ukiugusa umeharibu ule mshuko uliouhangaikia.

Haipandi kabisa hata kwa volti 2.5. Ipime. Ikiwa gramu 30 au zaidi, gundi imezidi. Ikiwa nyepesi, propela zimevaliwa kinyume: upande wenye maandishi unatakiwa uelekee mbele.

Ikishanyooka, utaiona ikipanda kwa mduara mpana wa kushoto hadi usawa wa paa la nyumba ya ghorofa mbili au zaidi, sauti ya mota ikipungua taratibu, kisha inaendelea na mduara ule ule ikishuka, bila kutikisa pua pale mota zinaponyamaza. Kwa jumla nusu dakika hewani. Ule mpito wa kutoka mota kwenda kushuka ndio mtihani wenyewe. Ndege inayopanda sana halafu ikayumba hapo bado haijanyooka, hata watoto waliokusanyika wakishangilia.

## Kubeba na kuhifadhi

Kabla ya kufungasha, acha mota zizunguke mpaka zisimame ili supakapasita iishe, kisha chomoa plagi. Toa mpira wa ofisi, laza bawa kwenye boksi peke yake. Ukilirudisha, lirudi kwenye alama ile ile ya kalamu. Na ukibadilisha chochote nyumbani, hata propela tu, anza asubuhi inayofuata na kiazi, halafu mshuko mmoja bila mota, halafu volti 1.5.